Hisa, Sauti na Nafuu: Historia ya Haki za Mwanahisa katika Sheria na katika Kiswahili



Neno ninalokusudia kulizungumzia leo ni fupi, nalo halimpi mtu taabu yoyote: hisa. Magazeti hulitumia kila siku, vyama vya ushirika vililizoea tangu enzi za ukoloni, na kila aliyewahi kuketi katika kikao cha kugawa mirathi anaweza kulieleza bila kufungua kamusi. Katika kazi ya istilahi, maneno yasiyotupa taabu ndiyo yanayostahili kuchunguzwa kwanza, maana hupita mlangoni bila kuulizwa yanakotoka.

Hoja yangu ni hii. Neno hisa limebeba picha ya kale ya mali: fungu la kitu kinachoonekana, kinachohesabika na kinachogawanyika. Sheria ya kampuni iliyoletwa Afrika Mashariki kutoka Uingereza haimpi mwanahisa fungu lolote la mali ya kampuni. Humpa mambo mawili tu, yaani sauti mkutanoni na dai mahakamani. Kwa hiyo historia ya haki za mwanahisa ni historia ya swali moja: sauti yake inapozidiwa kwa kura, dai lake hupelekwa wapi, na kwa jina la nani? Swali hilo si la wanasheria peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Watakaoamua mwanahisa wa Kiswahili ana haki gani, kwa sehemu kubwa, ni watu wa fani yetu.

Hisa na sehemu

Asili ya neno hisa ni Kiarabu, hissa, yaani fungu au mgawo. Kiarabu kina neno jingine la jirani, sahm, ambalo maana yake ya kwanza ni mshale. Kwa kuwa mishale ilitumika katika kupiga kura za kugawana, likapata maana ya fungu linalomwangukia mtu. Kiswahili kililichukua hilo pia, kikalilainisha likawa sehemu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria za kampuni katika nchi za Kiarabu, Omani ikiwamo, zimeyatenga maneno haya mawili. Hissa hutumika kwa fungu la mbia katika kampuni ndogo ya watu wanaojuana, fungu ambalo haliuzwi kwa mgeni kabla ya wabia wenyewe kupewa nafasi ya kulinunua. Sahm hutumika kwa fungu la kampuni kubwa ya umma, linalouzwa sokoni kwa yeyote mwenye fedha. Kifaransa nacho hutenganisha part na action, na Waswahili wa Lubumbashi na Bukavu wamo ndani ya utengano huo, kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2012 na mkataba wa OHADA, unaounganisha sheria za biashara za nchi ambazo nyingi hutumia Kifaransa. Sisi tulipochagua, tulilitwaa neno la watu wanaojuana tukalipa kazi zote mbili. Neno la sokoni tukaliachia maana ya kipande cha kitu chochote.

Wazee wetu hawakukosea, maana mali waliyoifahamu ilikuwa ya namna hiyo. Katika majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi, mabaharia hawakulipwa mshahara. Gharama za safari na chakula zikishatolewa, mapato yalikatwa mafungu, la chombo na la mabaharia, na nahodha akaongezewa. Katika mirathi, fungu la mjane mwenye watoto ni thumuni, na thumuni ya shamba la minazi yaweza kuhesabiwa mti kwa mti. Hata shirika la biashara, kwa mujibu wa fikihi, ni mkataba ambao mbia kwa kawaida aweza kujitoa na kudai chake. Aliyedhulumiwa alijua la kufanya: alikwenda kwa kadhi akaomba mali igawanywe. Nafuu yake ilikuwa mgawanyo.

Mwanahisa wa kampuni hana nafuu hiyo. Hawezi kwenda ofisini kesho asubuhi akasema, "Nipeni fungu langu, nimechoka nanyi." Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kuangalia hukumu moja ya mwaka 1925.

Moto wa Killymoon

Bwana Macaura alikuwa na ardhi yenye misitu huko Killymoon, Ireland ya Kaskazini. Aliiuzia kampuni miti iliyokatwa, naye akalipwa kwa hisa. Kwa hakika hisa zote za kampuni hiyo zilikuwa zake au za watu waliozishika kwa niaba yake. Kisha akakata bima ya moto kwa miti ile, kwa jina lake mwenyewe. Februari 1922 moto ukaiteketeza karibu yote. Makampuni ya bima yakakataa kulipa, na shauri likafika Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Macaura akashindwa. Miti haikuwa yake, walisema majaji, ilikuwa ya kampuni. Na mwenye hisa, hata angekuwa nazo zote, hana sehemu katika mali ya kampuni.

Msingi wa hukumu hiyo uliwekwa na Baraza hilohilo mwaka 1897 katika shauri la Salomon, fundi viatu wa London aliyeunda kampuni pamoja na mkewe na watoto wake watano, kila mmoja wao akiwa na hisa moja na yeye akiwa na 20,001. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka Salomon alipe mwenyewe. Malodi wakakataa: kampuni ni mtu mwingine. Kanuni hiyo ilimwokoa Salomon na ndiyo iliyommaliza Macaura. Anayejificha nyuma ya ukuta asilalamike kwamba ukuta unamzuia kupita.

Sasa tulirudie neno letu. Mwambie Mswahili kwamba mtu mwenye hisa zote za kitu hana sehemu yoyote ya kitu hicho. Atadhani unamtegea kitendawili. Ndivyo sheria ilivyo, na umbali huo kati ya neno na sheria si wa Kiswahili peke yake: share nalo ni fungu. Lakini iko lugha moja ya Ulaya ambayo mapema ilizungumza kwa usahihi zaidi.

Dai la Amsterdam

Mwaka 1602 Waholanzi waliunganisha makampuni yao ya biashara ya Bahari ya Hindi kuwa kampuni moja, VOC, yenye mtaji wa takriban gilda milioni 6.4 zilizochangwa na watu wa kila tabaka. Fungu la mchangaji liliitwa actie. Neno hilo ni la mahakamani, lenye asili ya Kilatini, na maana yake ni dai au haki ya kushtaki; ndilo linalohusishwa na action ya Kifaransa kwa maana ya hisa. Waholanzi hawakusema mtu ana fungu la merikebu. Walisema ana dai juu ya kampuni.

Bahati mbaya, dai hilo halikuwa na pa kupelekwa. Wakurugenzi walikuwa watu wakubwa wa miji, na wachangaji hawakuwa na mkutano wa kuwauliza. Mwezi Januari 1609 Isaac Le Maire, mmoja wa waasisi ambaye aligombana na wenzake akatoka, aliwasilisha malalamiko marefu kwa Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali, kuhusu jinsi kampuni ilivyoendeshwa. Huenda hiyo ndiyo hati ya kale zaidi tuliyonayo ya mwanahisa anayewashtaki wakurugenzi wake. Le Maire hakuwa malaika; wakati huohuo alikuwa na kundi lililouza hisa ambazo halikuwa nazo, likitarajia bei ianguke. Mwaka 1610 serikali ikapiga marufuku uuzaji wa namna hiyo, na kampuni ikatoa gawio lake la kwanza, si kwa fedha bali kwa basibasi. Mwanahisa aliyetaka gilda alipewa kiungo cha pilau, akatafute mnunuzi mwenyewe.

Hati ya kuanzisha kampuni iliahidi hesabu za wazi baada ya miaka 10. Mwaka 1612 ukapita bila hesabu. Mwaka 1622 wachangaji wenye hasira walichapisha vijitabu wakidai daftari lifunguliwe, na hati ilipohuishwa mwaka 1623 walipata kidogo: wachangaji wakubwa waliruhusiwa kuteua watu tisa wa kushauriana na wakurugenzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga, na haki ya mwanahisa kupewa hesabu zilizokaguliwa, ambayo leo imo katika sheria za nchi zote za Afrika Mashariki, ilianza kudaiwa kwa sauti katika vijitabu vile. Jambo jingine lililobaki kutoka Amsterdam ni hili: kwa kuwa mchangaji hakuweza kudai fedha zake wala kusikilizwa, alibakiwa na njia moja, kuuza. Soko la hisa lilizaliwa hapo, nalo hadi leo ndilo nafuu ya kwanza ya mwanahisa asiyeridhika, ikiwa atampata mnunuzi.

Kanuni ya Manchester

Kwa watu wa Afrika Mashariki, hata hivyo, hukumu yenye uzito kuliko zote ni ya mwaka 1843, shauri la Foss na Harbottle. Kampuni ya Victoria Park iliundwa kwa sheria ya Bunge ili kujenga makazi ya kifahari huko Manchester. Wanahisa wawili, Richard Foss na Edward Turton, walidai kwamba wakurugenzi waliiuzia kampuni ardhi yao wenyewe kwa bei ya kuruka. Jaji Wigram hakusema kwamba wakurugenzi hawakufanya hivyo. Alisema kwamba aliyedhulumiwa, kama ipo dhuluma, ni kampuni, na ni kampuni inayopaswa kudai. Tena, mkutano wa wanahisa ulikuwa na uwezo wa kuamua kama kampuni idai au iyaridhie yaliyopita.

Kanuni hiyo haikosi busara. Kampuni yenye wanahisa 1,000 haiwezi kuvumilia mashauri 1,000 juu ya kosa moja, na mahakama si bodi ya wakurugenzi. Lakini tazameni ilivyojifunga yenyewe. Wakurugenzi wameiba, mwenye kudai ni kampuni, kampuni husema kupitia wakurugenzi, na wakikataa, mkutano ndio uamue, ambamo wakurugenzi haohao wana kura nyingi. Mbuzi anaambiwa ashitaki kwa chui.

Mahakama zenyewe zililiona hilo, zikafungua madirisha machache. Mwanahisa aliruhusiwa kudai pale ambapo tendo liko nje ya uwezo wa kampuni. Pale ambapo katiba ya kampuni inataka wingi maalumu wa kura na haukupatikana. Pale ambapo haki iliyovunjwa ni yake binafsi, kama kunyimwa kura yake. Na pale ambapo waliotenda hila ndio wanaoitawala kampuni. La mwisho ndilo kubwa. Mfano wake bora ni shauri la Cook na Deeks, lililotoka Kanada na kuamuliwa na Baraza la Faragha mwaka 1916. Wakurugenzi watatu kati ya wanne wa kampuni ya ujenzi huko Toronto walijadiliana na shirika la reli kwa jina la kampuni, kisha mkataba ukaandikwa kwa jina lao. Halafu wakaitisha mkutano, na kwa kura zao wenyewe wakapitisha azimio kwamba kampuni haina haja na mkataba ule. Baraza likakataa: wingi wa kura hauwezi kuwapa wengi zawadi ya mali iliyo ya wote. Kura ni ya kuongozea mali ya pamoja, si ya kuihamisha.

Kuvuka bahari

Sheria hizi hazikuja Afrika Mashariki kwa ajili ya wenyeji. Wanahisa wa kwanza wa mwambao wetu waliishi Uingereza na Ujerumani. Kampuni ya William Mackinnon, IBEAC, ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, ikaitawala nchi ambayo baadaye ikawa Kenya, na ikaishiwa fedha. Mwaka 1895 ilipokabidhi madaraka ililipwa fidia ya pauni 250,000, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Zanzibar, zile ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa kuuchukua mwambao wa Tanganyika mwaka 1890. Sijui mfano mwingine katika historia yetu ambapo wanahisa walipata nafuu ya namna hiyo, na kutoka katika mfuko wa nani!

Tanganyika ilipata sheria yake ya kampuni mwaka 1932, iliyofuata Sheria ya Uingereza ya mwaka 1929. Mwaka huo wa 1932 ilipatikana pia sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka uliofuata KNCU ya Kilimanjaro ikaandikishwa. Wenyeji wengi walilijua neno hisa kupitia mlango huu wa pili. Tofauti ni kubwa. Katika ushirika mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au 50. Katika kampuni kura hufuata hisa. Mkulima wa kahawa aliyejifunza maana ya hisa katika ushirika alijifunza kwamba sauti ni ya mtu. Angeingia katika mkutano wa kampuni angekuta kwamba sauti ni ya fedha.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 somo hilo lilisahaulika kwa muda. Mabenki yalitaifishwa, serikali ikachukua hisa nyingi katika viwanda kadhaa, na neno shirika, ambalo kwa Kiarabu ni ubia wa watu, likawa jina la taasisi ya serikali: shirika la umma. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa kwa amri, na wanachama wakaona kwamba hisa zao hazikuwa na mahakama ya kukimbilia.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Soko lake la hisa lilianzishwa mwaka 1954, na sheria yake ya kampuni ya mwaka 1959, iliyoanza kutumika 1962, ilifuata Sheria ya Uingereza ya mwaka 1948. Tofauti ya miaka 19 kati ya sheria mbili za Uingereza si ndogo. Sheria ya 1929 ilimpa mwanahisa aliyeonewa dawa kali ya kuomba kampuni ivunjwe kwa sababu za haki na insafu, dawa inayomuua mgonjwa ili kuondoa maradhi. Sheria ya 1948 iliongeza kifungu kipya: palipo na ukandamizaji, mahakama yaweza kuamuru jambo jingine, kwa mfano wanaokandamiza wanunue hisa za wanaokandamizwa kwa bei ya haki. Mwanahisa mdogo wa Nairobi aliirithi dawa hiyo. Mwenzake wa Dar es Salaam alirithi sheria iliyotungwa kabla dawa haijapatikana.

Kamusi mezani pa majaji

Kifungu hicho cha 1948 kinatuhusu sisi wanaisimu moja kwa moja, kwa sababu hatima yake iliamuliwa kwa kamusi. Baada ya vita, chama kikuu cha ushirika cha Uskochi kilihitaji leseni ya kutengeneza vitambaa vya rayoni, na leseni haikupatikana bila wataalamu wawili, Dakta Meyer na mwenzake Lucas. Ikaundwa kampuni tanzu, chama kikiwa na hisa nyingi na wao chache. Leseni zilipoondolewa mwaka 1952, chama hakikuwahitaji tena. Kikaanza kuidhoofisha kampuni, na thamani ya hisa ikaanguka. Shauri lilipofika Baraza la Malodi mwaka 1958, swali lilikuwa kama huo ni ukandamizaji. Viscount Simonds alichukua maana ya kamusi: jambo lenye kuelemea, lenye ukali, tena la kosa. Chama kikaamriwa kuzinunua hisa kwa pauni 3 na shilingi 15 kila moja. Na tusisahau kwamba mkandamizaji alikuwa chama cha ushirika. Jina jema si dhamana.

Mwaka huohuo ndugu wa familia ya Harmer, wauzaji wa stempu, walifaulu dhidi ya baba yao aliyezidi miaka 80, aliyeiendesha kampuni kana kwamba wanawe si wakurugenzi. Mahakama ikamfanya mzee kuwa rais wa kampuni kwa maisha yake yote, asiye na kazi wala madaraka. Baada ya hapo waliofaulu walikuwa haba. Maana ya kamusi ilikuwa kali mno: mtu aliyeonewa bila ukali na bila kosa la wazi alikosa nafuu. Ndiyo sababu mwaka 1980 Bunge la Uingereza liliondoa neno ukandamizaji na kuweka maneno mapana zaidi, yenye maana ya kudhuru masilahi ya mwanachama isivyo haki. Neno moja la sheria lilibadilishwa na mlango ukapanuka.

Kabla ya mabadiliko hayo kulikuwa na shauri ambalo, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuelewa hisa anapaswa kulijua. Bwana Ebrahimi na Bwana Nazar walikuwa wabia wa nusu kwa nusu katika biashara ya mazulia ya Uajemi huko London. Mwaka 1958 waligeuza ubia kuwa kampuni. Nazar akamleta mwanawe George, na kila mmoja wa wazee wawili akampa hisa 100: wao wakabaki na 400 kila mmoja, kijana akawa na 200. Kampuni haikutoa gawio. Faida yote ililipwa kama ujira wa wakurugenzi. Mwaka 1969 baba na mwana, wakiwa na kura 600 dhidi ya 400, walimwondoa Ebrahimi katika ukurugenzi. Hawakuvunja kifungu chochote. Sheria huwaruhusu wanahisa walio wengi kumwondoa mkurugenzi, nayo ni haki njema inayowalinda dhidi ya wakurugenzi wabaya. Lakini Ebrahimi, kwa kupoteza kiti, alipoteza kipato chote, akabaki na hisa zisizotoa kitu na zisizo na mnunuzi.

Mwaka 1972 Baraza la Malodi liliamua kwamba kampuni ivunjwe. Lord Wilberforce alieleza kwamba nyuma ya kampuni kuna watu, wenye matarajio na ahadi baina yao ambazo hazimo katika katiba ya kampuni, na kwamba pale ambapo kampuni ilijengwa juu ya kuaminiana, mahakama yaweza kuziangalia ahadi hizo. Kwa istilahi zetu, majaji waligundua kwamba kilichoitwa sahm kilikuwa hissa. Kampuni nyingi ndogo za Mombasa, Unguja, Kampala na Kariakoo ni za namna hii: ndugu wawili, au mume na shemeji, wenye cheti cha kampuni kabatini na ubia moyoni. Kwao neno hisa, kwa maana yake ya kale, si kosa kabisa.

Soko na umma

Hali ni nyingine kwa mwananchi anayenunua sokoni. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, kampuni ya TOL ikiwa ya kwanza. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5. Wapo waliosema wameibiwa. Sheria ina jibu baridi: kushuka kwa bei si kosa. Na hata pale kosa lipo, tangu shauri la Prudential la mwaka 1982 mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba hasara ambayo ni kivuli tu cha hasara ya kampuni haidaiwi na mwanahisa kwa jina lake.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2017, madeni ya Kenya Airways yalipogeuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, na kampuni ya mabenki yaliyoikopesha asilimia 38.1. Fungu la wananchi walionunua hisa tangu ubinafsishaji wa 1996 likanywea bila wao kuuza hata moja. Pengine hapakuwa na njia nyingine ya kuiokoa ndege isianguke. Lakini fungu la minazi haliwezi kunywea hivyo, na aliyeamini kwamba hisa ni fungu alikuwa na haki ya kushangaa.

Tanzania Bara ilitunga sheria mpya mwaka 2002, iliyoanza kutumika 2006, na Kenya mwaka 2015. Zanzibar ina yake. Katika sheria hizo mbili za kwanza mwanachama anaweza kuiomba mahakama imlinde dhidi ya mwenendo unaomdhuru isivyo haki, na anaweza, kwa idhini ya mahakama, kudai kwa ajili ya kampuni pale wakurugenzi wanapokataa. Kifungo cha mwaka 1843 kimelegezwa kwa maandishi. Kinachosalia ni gharama, na lugha.

Kazi iliyo mbele ya mfasiri

Tulitafutie dai hilo la pili jina. Kiingereza hulieleza kama dai linalotokana na haki ya mwingine, yaani kampuni. Nimeona likifasiriwa kama kesi tokezi, istilahi ambayo hata wakili haitambui. Ningependekeza dai la niaba, kwa sababu neno niaba linamwambia mdai tangu mwanzo kwamba akishinda, fedha zitaingia katika hazina ya kampuni na si mfukoni mwake. Wapo watakaopinga kwamba niaba humaanisha kutumwa, na mwanahisa huyu hakutumwa na mtu. Kampuni kwa kweli imekataa kumtuma. Pingamizi hilo lina uzito, na nitafurahi nikipata neno bora.

La kwanza ni gumu zaidi. Wengine huandika dhuluma, wengine uonevu, wengine ukandamizaji. Dhuluma kwa Kiswahili ni kumnyima mtu haki yake. Ina harufu ya dhambi, na jaji atakayelisoma neno hilo atatafuta mtenda dhambi, kama Viscount Simonds alivyotafuta ukali na kosa. Ebrahimi asingeiona nafuu chini ya neno dhuluma, maana aliyomtendea Nazar yaliruhusiwa na sheria. Uonevu ni pana kuliko dhuluma: mtu aweza kumwonea mwenziwe kwa kutumia haki yake. Kwa hiyo mimi ningeliweka uonevu katika kifungu, na dhuluma ningeiacha kwa wakurugenzi wa Toronto.

Kuhusu neno nafuu sina mabadiliko ya kupendekeza. Mawakili wetu hulitumia kila siku wanapoorodhesha wanayoiomba mahakama, na hospitalini hutumika kwa mgonjwa aliyeanza kunywa uji lakini bado hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanahisa anayelipwa bei ya haki kwa hisa zake na kuondolewa katika kampuni aliyoijenga kwa miaka 20 amepata kitu cha namna hiyo, na Kiingereza hakina neno linalolisema hilo vizuri zaidi.